Jinsi ya Kumfikishia Mteja Arifa ya Jirani Yake

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeitwa na bosi Ijumaa saa tisa alasiri ukaambiwa: "Mteja akishalipa, skrini imwambie papo hapo. Asisubiri, asiguse kitu. Ni kazi ndogo tu." Duka lenu la mtandaoni linauza friji, majiko ya gesi na mikufu ya dhahabu. Wateja wako Nairobi, Kisumu na Mombasa, na wanalipa kwa M-Pesa. Umesikia kuna kitu kinaitwa websoketi na umeshatazama video ya dakika kumi. Uko tayari kabisa. Aliyesoma zaidi ya hapo huanza kuuliza maswali, na kazi haiishi.

Tupeane misingi kwanza, usije ukakwama mkutanoni. Kwenye wavuti wa kawaida seva haisemi mpaka iulizwe. Kivinjari kinaomba, seva inajibu, mazungumzo yameisha. Kwa miaka mingi waliotaka habari za papo hapo waliziagiza kurasa zao ziulize bila kuchoka: kuna jipya? Hakuna. Kuna jipya? Hakuna. Mwaka 2011 ukatoka waraka wa kanuni uitwao RFC 6455, ukakiruhusu kivinjari kuomba njia ibaki wazi; njia hiyo ndiyo websoketi. Ombi lenyewe huanza kama ombi lolote la HTTP, ila lina kichwa cha Upgrade. Seva ikikubali hujibu kwa namba 101, na tangu hapo kila upande unasema unapotaka. Katika salamu hizo kivinjari hutuma ufunguo wa nasibu. Seva huuambatanisha na mfuatano wa herufi na tarakimu ulio uleule duniani kote, unaoanza na 258EAFA5, ikapiga hesabu ya SHA-1 na kurudisha jibu. Ukiona "ufunguo" na "SHA-1" vimekaa karibu hivyo, tangaza kwamba suala la usalama limekwisha. Hesabu hiyo inathibitisha tu kwamba upande wa pili unaielewa websoketi. Mteja ni nani, haijui wala haikujaribu kujua. Lakini hilo lisikuharibie wasilisho.

Sasa kazini. Njia nyepesi kuliko zote ya kumfikia mtu mmoja ni kumfikia kila mtu. Seva itangaze kwa miunganisho yote: mteja namba 4471 amelipia friji, risiti hii hapa, ipelekwe mtaa fulani, nyumba fulani, apigiwe simu hii. Kisha msimbo ulio kwenye kivinjari cha kila mmoja ujiulize, hii ni yangu? Kama si yake, uitupe. Kwenye maktaba ya Socket.IO ni mstari mmoja tu. Ukiijaribu itafanya kazi vizuri ajabu, kwa sababu siku ya majaribio aliyeunganishwa ni wewe peke yako. Duka likifunguliwa, kila aliye ukurasani atapokea anwani ya kila anayenunua friji, na karibu wote hawataona chochote. Atakayeona ni yule kijana wa shule aliyebonyeza F12, akafungua sehemu ya mtandao, na sasa ametulia akitazama mauzo yenu yakipita moja baada ya jingine. Mwacheni, anajifunza.

Akitokea mtu mwenye wasiwasi akakulazimisha utume kwa mteja mmoja tu, itabidi ujue nani yuko kwenye soketi ipi. Muulize mwenyewe. Muunganisho ukifunguka tu, kivinjari kiseme: mimi ni 4471. Seva iamini. Anayesema yeye ni 4472 naye ataaminiwa vilevile, na namba za wateja wako zinafuatana, kwa hiyo hata kubahatisha hakuhitajiki.

Ukitaka kuonekana makini zaidi, tumia tokeni. Hapa utagundua kwamba JavaScript ya kivinjari, inapofungua websoketi, haikuruhusu kuongeza kichwa cha Authorization kama ulivyozoea kwenye maombi mengine. Wengi wakifika hapa huibandika tokeni kwenye anwani yenyewe, baada ya alama ya kuuliza. Nawe bandika. Anwani huandikwa kwenye logi za seva, logi hupelekwa kwenye chombo cha ufuatiliaji, na chombo hicho kina nywila ambayo ofisi nzima inaijua. Siku utakayoihitaji tokeni ya mteja, utajua pa kuitafuta.

Vidakuzi navyo vina raha zao. Kivinjari huvituma chenyewe wakati wa salamu za kwanza, na ile kanuni inayoizuia tovuti moja isisome majibu ya nyingine haizigusi websoketi. Maana yake, ukurasa wa mtu baki unaweza kufungua soketi hadi kwenye seva yako kwa kidakuzi cha mteja wako, ukaketi ukisoma arifa zake, mradi kidakuzi hakikufungwa kwa SameSite na seva haikuangalia kichwa cha Origin kuona ombi limetoka wapi. Kukiangalia ni mistari mitatu ya msimbo. Kwa Ijumaa jioni, mistari mitatu ni mingi.

Katika timu yenu yumo dada mmoja wa seva ambaye atakushauri mambo. Atasema: mteja akiwa ameshaingia kwenye akaunti yake, aombe kwa njia ya kawaida tiketi ya matumizi ya mara moja, yenye uhai wa nusu dakika. Aitumie kufungulia soketi, kisha ife. Hata ikiandikwa kwenye logi, atakayeiokota ataokota maiti. Mshukuru dada, mwambie mtaliangalia katika awamu ya pili.

Sasa tunafika ninapopapenda, maana hapa hata wajuzi huteleza. Tengeneza orodha kwenye kumbukumbu ya seva: namba ya mteja, na soketi yake. Soketi moja. Mtoto wa shule ya msingi ataielewa, na hapo ndipo penye hatari.

Mtu halisi hana soketi moja. Ana simu mkobani, ana kompyuta ya ofisini, na kwenye kompyuta hiyo amefungua vichupo vitano vya duka lenu kwa kuwa analinganisha friji. Anapofungua kichupo cha pili, soketi mpya inakalia nafasi ya ile ya kwanza orodhani. Kichupo cha kwanza bado kipo, bado kimeunganishwa, lakini hakuna anayekikumbuka. Akikifunga kile cha pili, utaratibu wako wa usafi unalifuta jina lake lote. Mteja yuko mtandaoni, skrini iko mbele ya macho yake, na seva inaapa kwamba hayupo.

Kuna baya zaidi. Mteja anatoka ofisini, simu inaiacha Wi-Fi na kushika data. Muunganisho wa zamani haukuaga, umekatika tu, na seva haijui. Kivinjari kinajiunganisha upya mara moja, orodha inaandika soketi mpya, kila kitu shwari. Muda si mrefu seva inagundua kwamba ile soketi ya kwanza imekufa. Inaita utaratibu wa kufunga, na utaratibu huo, kwa utii wote, unamfuta mteja 4471. Umeizika iliyo hai kwa kosa la iliyokufa. Hitilafu hii hutaiona kwenye meza yako hata ukeshe, kwa sababu kompyuta yako haihamihami mitandao. Anayeiona ni abiria wa matatu anayetoka mjini kwenda Rongai.

Dada wa seva ataiponya kwa sentensi mbili: kila mteja awe na kundi la soketi, na ikifa moja, ifutwe hiyo hiyo kwa kitambulisho chake, si kwa namba ya mteja. Tena atakuonyesha kwamba kazi hii imeshafanywa. Socket.IO ina vyumba, unaiingiza kila soketi kwenye chumba chenye jina la mtumiaji. SignalR ina Clients.User, Spring ina convertAndSendToUser, Django Channels ina makundi. Kama bado una hamu ya kuharibu, nafasi ipo: chukua kitambulisho ambacho Socket.IO huipa soketi, ukihifadhi kwenye hifadhidata kama ndicho kitambulisho cha mteja. Kwa kawaida hubadilika mtu anapojiunganisha upya, kwa hiyo baada ya siku chache utakuwa na jedwali zima la watu wasiokuwepo.

Usimsahau aliyetoka kwenye akaunti. Kubonyeza "Ondoka" hufuta kidakuzi, lakini soketi iliyokwisha kufunguliwa haina habari. Ilikaguliwa mlangoni mara moja tu, na hakuna aliyekuja kuikagua tena. Mume ameondoka kwenye akaunti yake kwenye kompyuta ya nyumbani, mke ameingia kwenye yake, na ukurasa wenu, kwa kuwa umejengwa kisasa, haukupakiwa upya. Jioni seva inatangaza kwa furaha: "Mkufu wako wa dhahabu uko njiani kuelekea Nakuru." Wao wanakaa Thika. Kuondoka kwenye akaunti kungefunga soketi zake zote, na tokeni kuisha muda wake kungefanya vivyo hivyo, jioni hiyo ingepita kwa amani. Lakini kuingilia ndoa za watu hakumo katika mkataba wako.

Umefika kwenye malipo, na hapa ndipo jirani anapoingia. Seva yako inaiomba Safaricom, kupitia mfumo wa Daraja, imwonyeshe mteja kisanduku cha PIN kwenye simu yake. Jibu la kwanza huja papo hapo likiwa na CheckoutRequestID, nalo linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Baada ya hapo mteja anaweka PIN, au anaghairi, au anaiacha simu mezani na kwenda kuepua chai. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwenye anwani uliyoitaja, yakiwa na ResultCode: 0 maana yake amelipa, 1032 maana yake ameghairi. Angalia vizuri nani anayekuletea matokeo hayo. Si mteja. Ombi hilo halina kidakuzi chake wala soketi yake. Kamba pekee inayokurudisha kwake ni ile CheckoutRequestID, kama uliiandika kando ya namba yake wakati unaomba.

Hukuiandika. Basi una njia mbili. Unaweza kumtafuta kwa namba ya simu iliyolipa, ambayo ni ya kaka yake, maana ndiye aliyeombwa asaidie. Au unaweza kumpelekea aliyejiunganisha mwisho, kwa hoja kwamba mara nyingi ndiye. Mwongozo huu unapendekeza ya pili. Mzee mmoja Kisumu, aliyekuwa anatazama majiko ya gesi bila nia ya kununua, anaambiwa malipo yake yamepokelewa na friji inakuja. Anapiga simu: "Madam, mnasema nimelipa. Nimelipa nini? Pesa yangu imetoka?" Madam wa huduma kwa wateja anaapa haijatoka. Wakati huo huo aliyelipa kweli, Mombasa, anatazama kiduara kinachozunguka. Ana SMS ya M-Pesa mkononi na ukurasa unaosema "Tafadhali subiri". Anasubiri. Anasubiri tena. Kisha anabonyeza Lipa mara ya pili, na kuanzia hapo tatizo lenu si la arifa tena.

Halafu kuna ukatili wa wakati. Kile kitendo cha kulipa ndicho kinachomtoa mteja kwenye ukurasa wako: ameshughulika na PIN, SMS imeingia, ameifungua kuona salio. Kivinjari kilichoachwa nyuma kinaweza kulazwa na simu, soketi ikalala nacho. Arifa yako ya papo hapo inafika katika dakika ile ile ambayo aliyetumiwa ameondoka.

Seva itakuambia imetuma, usibishane nayo. Tena kwa maana yake haikudanganya: kutuma ni kuyakabidhi maneno kwa mfumo endeshi, uyatie kwenye foleni yake. Kama upande wa pili umekufa bila kuaga, TCP inaweza kuchukua dakika nyingi ikijaribu tena na tena kabla ya kukata tamaa. Njiani nako kuna wasiopenda ukimya. nginx ikiachwa ilivyokuja huukata muunganisho uliokaa sekunde 60 bila seva ya nyuma yake kusema neno. Mitambo ya kampuni za simu, ile inayowagawia wateja wengi anwani moja ya intaneti, nayo huwasahau walionyamaza. Ndiyo sababu RFC 6455 iliweka fremu mbili ndogo, pingi na pongi, zisizozidi baiti 125 za mzigo, ili pande mbili ziulizane mara kwa mara kama bado ziko hai. Socket.IO ina pingi yake, na usipoigusa huipiga kila sekunde 25. Wewe izime, utaokoa bando. Na ukiona namba 1006 kwenye kivinjari, itafute kwenye msimbo wa seva wikendi nzima. Hutaipata. Namba hiyo hairuhusiwi kusafiri kwenye waya. Kivinjari hujiandikia chenyewe kinapokuta muunganisho umekatika bila kwaheri.

Mauzo yakipanda, bosi ataongeza seva ya pili na kuita keki. Kuanzia siku hiyo mteja anaweza kuwa kwenye seva A huku jibu la malipo likiangukia seva B, ambayo inapekua orodha yake na kusema hamjui. Wateja watakuambia "wakati mwingine inafanya kazi," na hakuna sentensi mbaya zaidi katika kazi hii. Kwa Spring ni vivyo hivyo ukibaki na ule wakala wake mdogo wa kumbukumbuni: anazijua soketi za seva yake tu. Dawa iliyozoeleka ni kuweka Redis katikati. Seva B inatangaza, seva zote zinasikia, yenye mteja inamfikishia. Bila shaka utaipenda, na bila shaka hutasoma pale panaposema kwamba tangazo la Redis halihifadhiwi. Kama seva A ilikuwa inawashwa upya sekunde hiyo, habari imepita na haitarudi.

Kuhusu kuwasha upya nitasema machache. Stima ikirudi, au ukipakia toleo jipya mchana, vivinjari vyote vitarudi kwa pamoja, kila kimoja na salamu zake na uchunguzi wake wa hifadhidata, na seva itaanguka tena kabla haijasimama vizuri. Wanaojua hukifundisha kila kivinjari kusubiri, kuongeza muda wa kusubiri kila kinaposhindwa, na kuchanganya na bahati nasibu kidogo ili visirudi kwa mdundo mmoja. Ukitaka tukio, usichanganye.

Yote haya, mwanzo hadi mwisho, yanategemea uamuzi mmoja ambao lazima uulinde kwa nguvu: arifa iishi kwenye soketi tu, isiandikwe popote. Dada wa seva atapinga. Atataka jedwali lenye namba ya arifa, mwenye arifa, maneno yake na saa iliposomwa. Atataka malipo yakifika yaandikwe humo kwanza, katika muamala ule ule unaoandika oda kuwa imelipwa, halafu ndipo soketi ipige hodi: kuna jipya, njoo uchukue. Mteja akiwa nyumbani atafungua mara moja. Akiwa hayupo, siku akirudi kivinjari kitasema "mara ya mwisho nilisoma ya 118", na seva itampa ya 119 na kuendelea. Simu iliyolala itaamshwa kwa Firebase Cloud Messaging, maana tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu iliyotulia haiachi programu ziendelee na mtandao zinavyotaka. Kwa mpango huo soketi ikikatika hakuna kinachopotea, seva ya pili haitishi mtu, na arifa iliyofika mara mbili inatambulika kwa namba yake. Madam wa huduma kwa wateja atakosa wa kuzungumza naye.

Mbaya zaidi, dada huyo akishapata jedwali lake anaweza kuuliza websoketi ni ya nini. Duka lenu linasema, mteja anasikiliza, hakuna kinachorudi. Kwa mazungumzo ya upande mmoja kuna EventSource, iliyomo kwenye vivinjari siku nyingi, inayojiunganisha upya yenyewe na kuitajia seva kitambulisho cha tukio la mwisho ililolipokea bila wewe kuandika chochote upande wa kivinjari. Na kwa mtu anayesubiri malipo yake kwa dakika moja, ukurasa unaouliza kila baada ya sekunde tatu kama 4471 ameshalipa utamtosha kabisa. Mimi kwa duka la friji ningeanzia hapo, lakini haitapendeza kwenye wasifu wako wa kazi, kwa hiyo sikusema.

Ukifuata mwongozo huu kwa uaminifu, siku moja utajifunza pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Taarifa za mteja zikiwa zimemfikia asiyehusika, na kukawa na hatari ya kweli ya mwenyewe kudhurika, kampuni ina saa 72 tangu ilipofahamu kumjulisha Kamishna wa Data, na mteja mwenyewe ajulishwe kwa maandishi. Arifa hizo mbili, kwa bahati nzuri, hazipiti kwenye soketi. Zitaandikwa na mwanasheria, zitawekwa saini na bosi, na kila moja itamfikia mtu aliyekusudiwa.